Majina ya Timu na Kinywa cha Shabiki: Kandanda na Siasa katika Mji wa Lubumbashi

Wapo wasomi wanaoyadharau mazungumzo ya mashabiki wa kandanda. Huyahesabu kuwa porojo za barazani, zisizostahili kuandikwa wala kufundishwa. Sisi hatuafikiani nao. Ukiketi ukawasikiliza mashabiki kwa makini, utawasikia kwanza wakizozana juu ya bao lililokataliwa na refa aliyekuwa mbali na mpira. Kisha, pasipo yeyote kutangaza kwamba mada imebadilika, utasikia habari za mishahara iliyochelewa, za mkuu aliyewapa wachezaji nyumba, za mwanamuziki aliyemsifu rais, na za bei ya unga. Kwa shabiki mambo hayo yote ni mamoja. Mwanahistoria huyagawa katika sura mbalimbali za kitabu. Shabiki huyatia katika chungu kimoja, na mara nyingi uhusiano wake huonekana vizuri zaidi humo chunguni.

Ili tusiseme kwa ujumla mno, tumechagua mji mmoja na timu yake moja. Mji ni Lubumbashi, kusini mwa Kongo, karibu na mpaka wa Zambia. Timu ni Tout Puissant Mazembe. Tumeuchagua mji huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia yake ya kandanda ni nzito kuliko ya miji mingi ya Afrika. Ya pili yatuhusu sisi walimu: Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Ndicho kinachosemwa sokoni, mgodini na uwanjani. Wenzetu wa pwani husahau jambo hilo, au wakilikumbuka hulitaja kwa kutabasamu, kwa kuwa huko watu husema *batu* badala ya watu, na *mupira* badala ya mpira. Lakini katika Kiswahili hicho hicho, mwaka 1965, watu waliokuwa wamefanya kazi katika nyumba za Wazungu walitungiwa na André Yav historia ya mji wao, ambayo ijapokuwa jina lake ni la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, maneno yake ni ya Kiswahili. Na katika Kiswahili hicho hicho mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alimweleza mtaalamu Johannes Fabian picha zake za historia ya nchi, moja baada ya moja. Lugha iliyoweza kubeba kazi za namna hiyo haiwezi kushindwa kubeba mabishano ya kandanda.

Tuanze na majina, kwa kuwa ndiyo yanayosema mengi.

Timu hii iliundwa mwaka 1939 na wamisionari wa shirika la Mtakatifu Benedikto, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Wamisionari waliipa jina la Saint Georges, na baadaye ikaitwa Saint Paul. Katika mwaka huo huo wa 1939 ikaanzishwa pia timu ya Saint Éloi, ambayo leo ni Lupopo, timu iliyojulikana tangu mwanzo kuwa ya watu wa reli. Hivyo mji wa shaba ulipata timu zake mbili kubwa zote zikiwa na majina ya watakatifu, na watu wakaanza kugawanyika nyumba kwa nyumba, hawa wakivaa nyeusi na nyeupe, wale buluu na manjano. Utawala wa kikoloni ulipenda kandanda kwa sababu rahisi: kijana aliyecheka na kulia uwanjani Jumapili alitumainiwa kwamba Jumatatu atarudi kazini bila kudai mengi. Wakubwa wa machimbo na wamisionari walikubaliana juu ya jambo hilo, ingawa hawakukubaliana juu ya mengine mengi.

Kisha likaja jina la tatu, nalo halikuwa la mtakatifu. Timu iliitwa Englebert, jina la kampuni ya Kibelgiji ya kutengeneza tairi. Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kutua kidogo. Sisi husema mpira na kumaanisha utomvu wa mti, na mpira na kumaanisha kile kinachopigwa teke, na tena mpira na kumaanisha tairi la gari. Katika nchi nyingine hilo ni jambo la kamusi tu. Katika Kongo ni historia. Nchi hiyo, tangu 1885 hadi 1908, ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na katika misitu yake, hasa ya kaskazini na magharibi, watu walilazimishwa kuleta mpira kwa kiboko na kwa bunduki, ili magurudumu ya Ulaya yapate kuzunguka. Haikupita hata miaka 50 baada ya utawala wake kwisha, vijana wa Kongo wakawa wanaufukuza mpira uwanjani wakiwa wamebeba jina la mwuza mipira. Hatusemi kwamba mashabiki wa wakati huo waliliwaza jambo hilo. Tunasema kwamba lugha yetu imeyaweka mambo hayo pamoja katika neno moja, na mwalimu anayelifundisha neno hilo atakosea akiliacha lipite hivi hivi.

Kwa Englebert yakaongezwa maneno ya Kifaransa *Tout Puissant*, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Timu iliyozaliwa mikononi mwa watawa ikajitwalia sifa ambayo watawa humpa Mungu peke yake! Mashabiki hawakuona kosa. Na kusema kweli, kwa miaka minne waliyoyaona yaliwapa haki ya kujisifu. Mwaka 1967 TP Englebert walifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Afrika dhidi ya Asante Kotoko wa Ghana. Wakatoka sare 1-1 Kumasi, na 2-2 Kinshasa. Mechi ya kuamua ikapangwa Yaoundé, Kotoko hawakutokea, na kombe likaenda Kongo. Mwaka 1968 wakalitwaa tena kwa kuwafunga Étoile Filante wa Togo jumla ya mabao 6-4. Hakuna klabu nyingine iliyofaulu kulitwaa kombe hilo miaka miwili mfululizo hadi Enyimba wa Nigeria walipofanya hivyo mwaka 2004. Katika 1969 na 1970 walifika fainali tena na kushindwa, kwanza na Ismaily wa Misri, kisha na Kotoko wale wale.

Sasa tuangalie ilikuwa ni miaka gani. Katanga, ambayo Lubumbashi ulikuwa mji wake mkuu, ilikuwa imejitenga na Kongo tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, chini ya Moïse Tshombe. Mobutu alishika serikali Novemba 1965. Mwanzoni mwa 1967 serikali yake ikaichukua kampuni kubwa ya machimbo, Union Minière. Mwaka huo huo Tshombe, aliyekuwa uhamishoni, alitekwa ndani ya ndege na kupelekwa Aljeria. Watu wa Katanga walitazamwa Kinshasa kwa jicho la mashaka. Na ndipo timu ya mji huo huo uliotiliwa mashaka ikaileta Kongo kombe la Afrika, kisha Januari 1968, mjini Addis Ababa, mshambuliaji wake Kalala akafunga bao pekee lililoishinda Ghana na kuipa nchi nzima Kombe la Mataifa ya Afrika. Kwa rais, huo ulikuwa ushahidi kwamba taifa ni moja. Kwa shabiki wa Lubumbashi, ulikuwa ushahidi kwamba bila Lubumbashi taifa halifungi bao. Wote wawili walishangilia kwa sauti moja, na walikuwa hawasemi jambo moja.

Huu ndio ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Mtawala anaweza kuwaamuru watu washangilie. Hawezi kuwaamuru washangilie nini.

Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire. Katanga ikaitwa Shaba, na twaweza kusema kwamba pengine hakuna jimbo jingine lililowahi kupewa na rais jina la Kiswahili lililo wazi namna hiyo, ingawa nia haikuwa kukitukuza Kiswahili bali kulifuta neno Katanga lisikumbushe kujitenga. Mwanzoni mwa 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na wachezaji nao wakabadili ya kwao. Suti na tai zikakatazwa. Mtu aliacha kuitwa bwana akaitwa mwananchi. Timu ya taifa, iliyokuwa ikiitwa Simba, ilikuwa imekwisha kuwa Chui, na kofia ya rais ilikuwa ya ngozi ya chui. Englebert ikawa Mazembe. Muziki wa dansi nao ukaingizwa katika kazi hiyo: Luambo Makiadi, ambaye watu walimwita Franco, na wengineo, wakapiga nyimbo za kuieneza siasa ya kurudia asili, na katika kila mji wakaundwa wacheza ngoma wa chama. Watu wengine leo husimulia mambo hayo kana kwamba yalikuwa ni upuuzi mtupu. Hatuoni hivyo. Kulikuwa na haki katika kukataa jina la kampuni ya tairi. Ubaya ulikuwa kwamba aliyeyafuta majina ya wengine aliliandika la kwake kila mahali.

Mwaka 1974 ndio uliokusanya yote. Machi, huko Misri, Chui walilitwaa Kombe la Mataifa. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, na jumla yake katika mashindano yale ilikuwa mabao 9, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Wachezaji wakapewa nyumba na magari. Juni wakaenda Ujerumani ya Magharibi katika Kombe la Dunia, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Mwalimu wao alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia.

Mechi ya kwanza walifungwa na Scotland 2-0, na hapakuwa na aibu ndani yake. Ya pili ilikuwa na Yugoslavia, 9-0. Baada ya mabao matatu golikipa Kazadi, mtu wa Mazembe, alitolewa. Mulamba akafukuzwa uwanjani kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nini kilichotokea kati ya mechi ya kwanza na ya pili? Wachezaji walikuwa wametambua kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata, kwa kuwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Baada ya mabao tisa wakaambiwa, kwa ushuhuda walioutoa wenyewe miaka mingi baadaye, kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu wasitazamie kurudi nyumbani.

Katika mechi hiyo ya Brazil likatokea jambo ambalo ulimwengu umelicheka kwa miaka mingi. Brazil walipata mkwaju wa adhabu. Refa akapuliza filimbi. Kabla Mbrazil hajapiga, mlinzi Mwepu Ilunga akachomoka kwenye ukuta, akaupiga mpira akaupeleka mbali. Refa akamwonyesha kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya wakasema: tazameni, Mwafrika huyu hajui hata sheria za mchezo. Picha hiyo ikarudiwa katika televisheni mwaka baada ya mwaka, ili watu wacheke.

Mwepu alikuwa mchezaji wa Mazembe. Lubumbashi walikuwa wamemwona miaka yote akisimama kwenye ukuta wakati wa mikwaju ya adhabu, na hakuwahi kukimbia. Miezi mitatu tu kabla ya hapo alikuwa bingwa wa Afrika. Yatupasa tuulize kama mashabiki wanavyouliza: bingwa wa Afrika asiyejua mkwaju wa adhabu ni nini, aliufikiaje ubingwa? Mwepu mwenyewe, kabla hajafariki mwaka 2015, alieleza kwamba alifanya kusudi. Kwamba alikuwa na hasira, kwamba hakuona sababu ya kuendelea kuumia kwa ajili ya watu waliokula haki yao. Mechi ilikwisha 3-0. Walirudi nyumbani.

Tungependa walimu walitumie tukio hilo darasani, kwa kuwa picha ni ile ile moja, lakini imesomwa kwa namna mbili zilizo kinyume kabisa. Aliyeitazama kutoka mbali aliona ujinga. Aliyemjua mchezaji, mshahara wake na mkuu wake, aliona mgomo. Hatudai kwamba shabiki husema kweli siku zote. Shabiki huyo huyo atakuapia kwamba timu yake haijapata kufungwa kihalali. Lakini katika jambo hili alikuwa na habari ambazo mtangazaji hakuwa nazo, na aliziuliza swali ambalo mtangazaji hakuliwazia.

Mobutu hakungoja aibu ipoe. Septemba 22 hadi 24 palifanyika Kinshasa tamasha kubwa la muziki. Akaja James Brown kutoka Marekani, wakapiga Franco na Tabu Ley wa nyumbani. Pigano la ngumi baina ya Muhammad Ali na George Foreman lilikuwa lifuate siku hiyo hiyo ya 25, lakini Foreman alipasuliwa juu ya jicho katika mazoezi, likaahirishwa hadi Oktoba 30. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni tano, nalo likafanyika saa kumi za alfajiri ili Wamarekani walione jioni kwao. Uwanja uliitwa wa Mei 20, siku ya kuzaliwa kwa chama cha rais. Watu waliimba *Ali boma ye*, maneno ya Kilingala yenye maana ya Ali, muue. Na kwa Mswahili asiyejua Kilingala, ambaye kwake boma ni ua au ngome, kelele hizo zilikuwa fumbo. Ali alishinda katika raundi ya nane. Dunia ikaandika habari za Zaire, na habari za mabao tisa zikafunikwa. Ila bei ya shaba ilianza kuanguka mwaka huo huo, na hakuna mwanamasumbwi awezaye kuiinua bei ya shaba.

Baada ya hapo kandanda ya Zaire ilitupwa mkono. Fedha hazikuwapo, na pale zilipokuwapo hazikuwafikia wachezaji. Mazembe walipata Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1980, kisha kukawa na ukimya mrefu. Katika miaka hiyo Lubumbashi ilikuwa na kundi la maigizo la Mufwankolo, lililowachekesha watu redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha huko huko, likisema mambo ya uchifu na ulafi kwa mafumbo. Twaamini kwamba maigizo hayo na mazungumzo ya kandanda yalifanya kazi moja: aliyetaka kumsema mkubwa alimsema chifu wa mchezo wa kuigiza, au alimsema kiongozi wa klabu, na waliosikiliza walielewa.

Mei 1997 Mobutu alianguka. Laurent Kabila, ambaye wengi wa askari wake waliingia Kinshasa wakisema Kiswahili, akarudisha jina la Kongo, na Shaba ikawa tena Katanga. Timu ya taifa ikaacha kuwa Chui ikaitwa tena Simba, jina lililowakumbusha watu pia waasi wa 1964 walioitwa Simba, ambao Kabila alikuwa upande wao. Ilidumu hivyo hadi 2006, Chui wakarudi. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kupanga majina hayo kwa miaka yake, nao watakuwa wamepanga tawala za nchi bila kujua.

Mwaka huo huo wa 1997 mfanyabiashara Moïse Katumbi alishika uongozi wa Mazembe. Hapa hatuna budi kusema kwa uangalifu, maana mambo haya bado ni moto. Alitia fedha nyingi. Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 wakafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, wakafungwa na Inter Milan 3-0. Golikipa wao Kidiaba aliwafurahisha watoto wa dunia nzima kwa kushangilia akirukaruka kwa makalio. Katumbi alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Agosti 2018, akitaka kurudi kugombea urais, alizuiwa mpakani Kasumbalesa. Mei 2019 akarudi Lubumbashi, na katika uchaguzi wa Desemba 2023 akawa wa pili. Je, aliyempigia kura alimpigia mwanasiasa au mwenyekiti wa timu? Mashabiki wengi hawalioni swali hilo kuwa swali. Sisi twaliona, na twakumbuka nyumba na magari ya 1974. Lakini pia ni kweli kwamba wachezaji wa Mazembe walilipwa.

Limebaki jambo moja linalowagusa ndugu zetu wa Tanzania. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilikutana na Mazembe katika Klabu Bingwa, ikafungwa nyumbani na ugenini. Simba wakakata rufaa kwamba Mazembe walimchezesha mtu asiyeruhusiwa, wakashinda rufaa, na mabingwa wa Afrika wakaondolewa mashindanoni. Lakini Mazembe, katika mechi hizo, walikuwa wamemwona kijana wa Simba, Mbwana Samatta, wakamchukua mwaka huo huo. Mwaka 2015 Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, na kombe likarudi Lubumbashi. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wachezao ndani ya Afrika. Dar es Salaam waliokuwa wameililia rufaa wakajikuta wanaishangilia Mazembe. Na Juni 2016 Mazembe walipokuja Dar es Salaam kucheza na Yanga na kushinda 1-0, wako wapenzi wa Simba waliofurahi, huku wapenzi wa Yanga wakiwauliza kama wamekuwa Wakongo lini. Nao wakajibu kwamba Kiswahili ni kimoja.